Drateru Scovia, Aliyeimba Makaburini

Wachungaji, ndugu, majirani wa Midia na wageni mliotoka Arua: Jumamosi mchana Scovia alikuwa hai, anashona. Leo ni Jumatatu ya Pasaka na tumesimama mbele ya jeneza lake. Familia inasoma maisha yake huku akili zetu bado hazijafika hapa.

Marehemu Drateru Scovia alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 ng'ambo ya mpaka, karibu na mji wa Aru, wazazi wake walipokuwa wamekimbia vita kutoka Pajulu. Watoto wawili waliomtangulia walikuwa wamefariki safarini. Ndiyo maana akaitwa Drateru, jina la Kilugbara lenye kifo ndani yake, kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba huyu naye angebaki. Mwaka 1986 walirudi Pajulu. Alipokuwa akijiandaa kwa kipaimara, mchungaji alimshauri aliache jina hilo, abaki na Scovia tu. Msichana akakataa.

"Kifo iko nangoja mimi?" alisema. "Basi, wacha ingoje. Yesu amekwisha shinda yeye."

Mchungaji alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Jina likabaki.

Alisoma Mvara, akiishi kwa shangazi yake, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001. Hesabu zilimshinda kabisa, naye hakuwahi kuficha hilo. Alichokipenda ni kuimba, na mashine ya kushonea ya shangazi. Baada ya kujifunza ushonaji mjini Arua, alifunga ndoa na Bwana Candia Severino wa Midia tarehe 13 Desemba 2003. Alishona gauni lake la harusi mwenyewe, na mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine. Candia alimwambia hakuna atakayeona. Kila mtu aliona.

Kisha alifungua kibanda cha ushonaji katika soko la Koboko, mlango kwa mlango na Medina, muuza vitambaa. Mmoja alikwenda kanisani, mwingine msikitini, na chakula cha mchana walikula sahani moja.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, Ivan, alifariki kwa malaria mwezi Agosti 2011, akiwa na miaka sita. Ni hapa hapa alipozikwa. Udongo ulipoanza kushuka, Scovia alifungua kinywa akaimba wimbo wa Pasaka, peke yake, sauti ikikatika na kuanza tena. Candia alimshika bega.

"Nyamaza, mama Ivan. Mutoto yetu imekufa."

"Imekufa, ndiyo," alimjibu. "Lakini itafufuka. Kama mimi nanyamaza leo, nitaimba siku gani?"

Tangu siku ile Candia hakuingia kanisani. Kila Jumapili alimpeleka mkewe kwa pikipiki, akamngojea nje mpaka ibada iishe. Hawakugombana juu ya jambo hilo, wala hawakukubaliana. Scovia naye akaendelea. Palipokuwa na msiba, Koboko au Arua, alifika, akakaa na waliofiwa, akalia nao kwanza. Kuimba kulifuata baadaye, kaburini. Wapo waliomwona hana haya. Wapo leo hapa ambao wimbo ule ndio uliowainua.

Kwa desturi hapa tungesoma habari za ugonjwa. Hakuugua. Jumamosi, tarehe 19 Aprili 2025, alikuwa kibandani akimalizia majoho ya kwaya kwa ajili ya Pasaka. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

"Medina, leta makasi," aliomba.

Medina alisimama, akachukua makasi, akageuka. Scovia alikuwa chini. Walimkimbiza hospitali, lakini hakufungua macho tena. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Candia alikuwa Arua akinunua vitu vya sikukuu. Aliambiwa tu kwamba mkewe ameanguka, akafika hospitalini na mkate na soda mkononi.

"Iko chumba gani?" aliuliza.

Medina alijifunika uso kwa mtandio. Candia akabaki amesimama pale pale na mkate wake, akiuliza chumba tena.

Jana, Jumapili ya Pasaka, kwaya ilikuja nyumbani na Mchungaji Aliga. Walitaka ibada ya Pasaka ifanyike bila nyimbo, kwa heshima ya msiba. Candia aliwasikiliza huku akitazama chini.

"Mimi bado hapana amini kama yeye," alisema. "Nataka, lakini bado. Ila yeye alituimbia kwa kaburi ya Ivan. Kama leo nyinyi mnanyamaza kwa sababu ni yeye, basi siku ile alitudanganya. Vaa nguo yeye alishona. Imba."

Kwaya walivaa majoho, mawili yakiwa hayajapindwa chini, wakaenda kanisani. Candia aliwafuata, akaingia, akakaa benchi la nyuma. Hakuimba. Watu walipotamka kwamba Kristo amefufuka, midomo yake ilitikisika, na hatujui alisema nini.

Jioni ile alikwenda na wachimbaji, akawaonyesha mahali: ubavuni mwa Ivan, karibu kabisa.

"Hapa," alisema. "Siku hiyo ikifika, waamke pamoja."

Marehemu ameacha mume, Candia Severino. Watoto, Anguyo na Harriet. Mama yake mzazi huko Pajulu. Kaka yake, Ocama. Na Medina, ambaye familia inamhesabu kuwa dada yake.

Scovia wetu, lala kwa amani. Bwana akupumzishe, na asubuhi akuamshe.