Nguzo Mia Tatu Zilizokatwa Upande wa Dawa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nguzo, alizaliwa tarehe 11 Mei 1949, katika chumba cha nyuma cha karakana ya mbao ya baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba.

Alisoma hadi darasa la nne. Siku moja alimwambia mwalimu kuwa rula yake ya mbao imelika ncha, haipimi sawa. Akachapwa. Baadaye rula ikapimwa, ikakutwa pungufu kwa upana wa kidole. Mwalimu hakusema pole.

Kazi ya nguzo za uzio aliianza mwaka 1963, akaishika miaka hamsini na mmoja. Mti mchanga aliukataa. Uliopinda aliukataa. Alimenya gome lote, akazianika nguzo kivulini miezi mitatu, ndipo akazisimamisha kwenye mapipa ya dawa. Dawa ilipanda mpaka juu ya pale nguzo inapotokeza ardhini, maana hapo ndipo huanza kuoza. Kichwa alikikata mshazari ili maji ya mvua yateleze. Mteja akimharakisha alimjibu, "Una haraka, mwanangu? Kanunue kamba."

Mumewe alikuwa mchimba mashimo ya uzio. Siku ya kwanza kuonana, marehemu aliinama akachungulia.

"Kaka, hili shimo au kikombe?"

"Basi chimba wewe, dada."

Akachimba. Walioana tarehe 7 Septemba 1968, na marehemu hakuacha kumchungulia mashimo yake.

Haya yanayofuata mumewe, aliyeandika wasifu huu, alishauriwa ayaruke. Hakuyaruka.

Mwaka 2011 kamati ya malisho ilichukua kwake nguzo mia tatu. Wakaziona ndefu mno. Badala ya kuongeza kina cha mashimo, mwenyekiti akaamuru zikatwe. Zikakatwa chini! Upande wenye dawa! Eti vichwa vimeshachongwa vizuri, visiharibiwe. Miaka mitatu baadaye uzio ukalala, ng'ombe wakamaliza mahindi ya watu. Mwenyekiti akasimama mkutanoni: "Mama Nguzo ametuletea kuni." Ikaandikwa kwenye kitabu cha kamati kwamba nguzo hazikutiwa dawa. Walioshika misumeno walikuwa wameketi hapo hapo, wanatazama viatu vyao. Na vile vipande vilivyokatwa? Mtunza ghala wa kamati alivitumia kuinulia banda lake la kuku. Liko wima hadi leo. Mwenye macho akaangalie.

Tangu mkutano ule hakuna aliyemwagiza hata nguzo moja. Mapipa yakakauka.

Februari 2022 alianza kuvimba miguu. Daktari akasema moyo umechoka. Mwezi wa tano katibu wa kamati alikuja kumjulia hali, akaketi kando ya kitanda.

"Kile kitabu mmekirekebisha?" marehemu akamuuliza.

"Utapona tu, mama."

"Sijauliza hilo."

Katibu akaaga, chai hajaimaliza. Marehemu akageukia ukutani, akamwambia mumewe, "Mzee, mimi sikuwaibia." Mumewe alijua. Kujua kwake hakukutosha.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Kitabu bado kinasema vile vile.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, ambao wote wanabeba jina lililoandikwa mle kitabuni.

Mwenyekiti ameomba nafasi ya kumsifu marehemu. Sifa akae nazo. Kitabu kiletwe hapa, aufute mstari ule mbele ya jeneza, kwa mkono wake, kisha tumzike. Ofisi haiko mbali, na ufunguo anao mfukoni.

Marehemu apumzike. Sisi tumekaa, tunangoja.