Bwana Kaboni na Ng'ombe Thelathini na Wanne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika shule yetu hapa Karatu, Bwana Silvanus Margwe anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alianza mwaka 1994 akiwa mpiga chapa. Kila alichokichapa kwa taipureta alikiwekea nakala ya kaboni, hata ratiba ya kufagia bweni, ndiyo maana tunamwita Bwana Kaboni. Kompyuta zilipofika alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada, akawa msimamizi wa maabara. Klabu yetu ya lugha ilipoanza kamusi ya Kimaa, Kiiraqw na Kiswahili, alituletea Git, programu inayotunza kila toleo la kazi pamoja na jina la aliyeibadilisha. "Hii ni kaboni isiyochafua vidole!" alisema.

Mwezi Machi nilikosea. Niliona maneno thelathini na manne ya Kimaa, yote yametafsiriwa "ng'ombe wa madoadoa". Kwetu Buger tuna ng'ombe wawili tu; nikadhani ni kitu kimoja kimerudiwarudiwa. Nikafuta faili lake zima, nikaandika: "Nimeondoa marudio." Kumbe kila neno lilikuwa na rangi na mabaka yake. Mwenzetu Nailantei aliyakusanya wakati wa likizo kwa babu yake, kule Endulen. Alipoyatafuta wiki tatu baadaye, babu alikuwa ameshafariki, naye hakuwa na nakala nyingine.

Simel, mwanaklabu mwingine, alitaka kuirudisha kamusi yote nyuma, hata kama kazi ya wiki tatu ya wenzetu ingepotea. "Mikono juu ya meza, wote!" Bwana Margwe akaamuru. "Hapa hakijaharibika kitu." Akapitia historia ya matoleo, akalipata lililotangulia kufutwa, akarudisha faili lile peke yake. Jina langu lilikuwa pale kwenye kioo. Alilisoma, kisha akasema, "Binti, kaa na Nailantei. Hizi tafsiri zenu ni za uvivu."

Tulikaa siku nne. Nailantei alisoma majina ya rangi, arus, sambu, mugie, akinicheka nilivyotamka, nami nikaandika maelezo ya kila neno. Bwana Margwe akachapa orodha, Nailantei akaipeleka Endulen. Bibi yake aliposomewa, alisema ni kama mzee wake yuko zizini anawaita ng'ombe.

Asante, Bwana Margwe. Ufurahie mapumziko yako kule Rhotia, afya iwe tele, na mahindi yako yastawi kila msimu.