Shikamoo Niliyoidai kwa Fimbo

Ndugu zangu wa jumuiya, nimesimama hapa nina hasira, na sitaificha. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Binti yangu alifika miaka sita akiwa na neno moja tu, "mama". Hapa Kiseke mnajua mtoto asiyeamkia wakubwa anavyosemwa. Baadhi yenu mlikaa sebuleni kwangu mkaniambia, "Baba, huyu umemdekeza." Nikaona aibu, nikakata fimbo. Kila alipoingia mgeni nilimsimamisha: "Sema shikamoo!" Akinyamaza, namchapa. Nawaambia, nilimchapa mtoto kwa neno ambalo hakuwa nalo. Na ninyi mliendelea kunywa chai.

Shuleni mwalimu alitukatalia mlangoni: "Mzee, hapa tunafundisha wanaosikia." Anasikia! Fungua kopo la sukari akiwa uani, uone mbio zake.

Mke wangu ndiye aliyempeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza. Mimi nilifuata na daftari langu la maswali. Yule dada alimpima, akasema masikio ni mazima, ila akili yake inajifunza polepole. Kisha akanigeukia.

"Shikamoo inampa nini?"

"Heshima."

"Baba, mtoto ana kiu, wewe unamdai heshima. Anza na maji."

Agizo lilikuwa hili: shika kikombe, sema "maji" mara moja, nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Usimsemee. Jaribuni, ndugu zangu, kumi ni ndefu. Mimi niliyejifundisha ufundi wa redio kwa vitabu, peke yangu, siku ya kwanza nilishindwa kwenye nne.

Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo, hesabu yangu ikiwa kwenye saba, akasema, "Ma-i." Nilimpa kikombe, nikaenda nyuma ya mawe ya uani nikalia. Ile fimbo tulichemshia uji wake.

Leo ana maneno kumi na tisa, yote nimeyaandika. Mojawapo ni "sitaki", na hata wakubwa anawaambia.

Namshukuru mke wangu, aliyenishinda ubishi. Namshukuru yule dada. Namshukuru na mama muuza dagaa wa mtaani kwetu, anayemngoja binti yangu aseme "dagaa" huku wateja wengine wakinung'unika.

Shikamoo bado hana. Amekaa pale na mama yake. Tukitoka, mtu yeyote asimsimamishe akamdai shikamoo. Chuchumaa, msalimie wewe kwanza, kisha hesabu hadi kumi. Ukiona kumi ni nyingi, mpite. Ila usije tena sebuleni kwangu kuniambia nimemdekeza.