Bi Mwatum binti Pandu na Mwenzake wa Alkhamisi

Nduguzanguni, nipeni masikio. Mimi ni Mbarouk, mdogo wake marehemu.

Bi Mwatum binti Pandu alizaliwa Makangale mwaka 1914. Alihitimu Kurani kwa Mwalim Ahmada akiwa na miaka kumi. Sisi wadogo zake tukikosea herufi, alitutupia jicho hadi tukasahau na zile tulizozijua. Mwaka 1932 aliolewa na Mzee Mmanga, akahamia hapa Gombani.

Tangu 1957, kila Alkhamisi baada ya alasiri, yeye na Bi Moza binti Msellem waliwakalisha mkekani wanawake wenye majonzi: waliofiwa, walioachwa, wasiopata usingizi. Hawakupunga pepo wala hawakutoa dawa. Mmoja alimsikiliza anayesema, mwenzake aliwaangalia walionyamaza. Mbele ya watu hawakupingana hata siku moja. Wageni wakishaondoka ndipo walipogombana, weee, wakasikika mtaa wa pili!

Ukaja uchaguzi wa Juni 1961. Bi Moza chama kile, sisi hiki. Mimi ndiye niliyemfungia Bi Moza mlango wa dada, na dada hakunizuia. Alkhamisi iliyofuata aliongoza peke yake. Alipokuwa akimsikiliza mwanamke mmoja, mwingine, Kijakazi, aliyezika watoto wawili, aliinuka akatoka. Hakuna aliyemwona. Alikutwa ukingoni mwa kisima, mguu mmoja umeshaingia. Alhamdulillahi, aliwahiwa.

Kabla ya magharibi dada alikuwa mlangoni kwa Bi Moza.

"Shoga, nimeshindwa peke yangu."

"Na nduguyo je?"

"Huyo niachie mimi."

Alinisema siku tatu mfululizo! Wakaendelea nyumbani kwa Bi Moza, nami sikukanyaga huko.

Novemba aliugua ini. Amefariki leo Jumatatu, tarehe 12 Machi 1962, baada ya sala ya alfajiri. Aliusia jambo moja tu: akishakufa, akoshwe na Bi Moza. Wapo hapa walioniambia nisikubali, na sikufichini, roho yangu nayo ilikataa. Nimekwenda mwenyewe nikabisha hodi kwake, na amekuja.

Ameacha mume, Mzee Mmanga; watoto wawili, Pandu na Mwanawema; mimi nduguye; wanawake kumi na mmoja wa mkekani, Kijakazi akiwamo; na Bi Moza, aliye ndani sasa hivi akimkosha. Asiyetaka kubeba jeneza kwa sababu ya mikono hiyo, njia ile pale. Sisi tunamngoja amalize.

Mola ampumzishe dada yangu kwa amani.