Tumbawe Kwenye Kikombe cha Ndimu

Kijiwe chenyewe kilikuwa Mji Mpya, Morogoro, pembeni ya duka la vipuri vya baiskeli, mahali ambapo Mosi alitua birika lake la kahawa kila alasiri, mawingu yakishaukalia mlima. Ilikuwa miaka ile viwanda vinauzwa kimoja baada ya kingine na simu za mkononi zimeingia mpaka kwa wauza mchicha. Wanaume waliozoea kuitwa kazini na king'ora sasa waliitwa na mlio wa vikombe vya Mosi. Mmoja wao alikuwa Kondo, ambaye kijiweni aliitwa Spana. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe mpya akaona mafundi wamezidi. Tangu hapo Kondo alikuwa mtu wa kukaa mwisho wa benchi na kusikiliza. Lakini alasiri hiyo alifika na kifurushi kwapani, akaketi katikati, pale anapokaa mwenye habari.

— Nimepata mchongo, alisema. Jumamosi naondoka na lori. Nakwenda Kilwa kwa shemeji Yusuph, tuchome chokaa.

Akafungua gazeti lililozungushwa kwenye kifurushi. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kigumu, chenye matawi kama kichaka kilichogeuka jiwe.

— Hili ndilo tumbawe. Yusuph kalituma nilione. Unalipanga na magogo, unatia moto, inatoka chokaa nyeupe pe! Na mji huu kila mtu anajenga.

Benchi lilichangamka. Wa kwanza kulishika alikuwa Hatibu, mwenyeji wa pale pale, ambaye tetesi zote za mji zilipita kwake kusalimia kabla ya kuendelea na safari. Ndiyo maana walimwita Redio Mbao.

— Spana, umechelewa, alisema. Bahari inaharibika. Nimesikia jana redioni kwa masikio yangu haya. Bahari imeingia tindikali.

— Tindikali? Kondo alishtuka. Kama maji ya betri?

— Hayo hayo. Matumbawe yanayeyuka, chaza wanayeyuka. Bado kidogo zitayeyuka na meli.

— Acha fiksi! alidakia Godlisten. Huyu aliitwa Mkurugenzi. Alikuwa Mchaga aliyezeekea Turiani kwenye mashamba ya miwa, akitunza stoo, lakini alipoongea ungedhani mashamba yalikuwa ya baba yake.

— Wahenga walishasema bahari haivundi, aliendelea.

— Haivundi, sawa, alisema Redio Mbao. Lakini kuwa kali, je?

— Hata ukali wenyewe ni wa zamani. Hukuisikia ile ya maji ya kifuu, bahari ya chungu? Wahenga walionja, wakakuta bahari chungu, wakatunga methali.

Mosi, aliyekuwa akimimina kahawa, alisimamisha birika hewani.

— Mkurugenzi, chungu wa kwenye ile methali ni mdudu. Yule mweusi. Kwake yeye maji ya kwenye kifuu ni bahari nzima.

— Wewe mimina kahawa. Mdudu na bahari wapi na wapi?

Walicheka. Redio Mbao akasogea mbele, ishara kwamba sasa anakuja na nadharia.

— Mnataka kujua nani katia huo ukali? Ni sisi wenyewe. Mto Ruvu si unatoka milimani kwetu? Na Kinole si machungwa, ndimu na mananasi? Zinazooza zinaangukia vijitoni, vijito vinaingia Ruvu, Ruvu unaingia baharini. Tangu enzi za Mjerumani bahari inakamuliwa ndimu. Itaachaje kuwa kali?

— Mbona watu wa Dar wanakunywa maji ya Ruvu hayohayo na hawayeyuki? aliuliza Mosi.

— Wale wameshazoea.

— Hakuna ndimu wala nini, alisema Mkurugenzi. Bahari imeuzwa. Kuna mwekezaji humo. Na mwekezaji akinunua kitu, jambo la kwanza anapunguza watu. Sasa huyu kaanza na matumbawe, atakuja kwenye samaki. Wakibaki wachache wenye bidii, anaanza uzalishaji.

Walicheka tena, na mmoja akapiga benchi kwa kiganja. Kondo hakucheka. Aliligeuza tumbawe mkononi, akalitazama kwa upande wa chini. Kwa muda mrefu hakuwa na neno la kumwambia mke wake linaloanza na "Jumamosi." Sasa alikuwa nalo, na watu wanalifanyia mzaha.

— Mnatania, alisema. Lakini ni kweli au si kweli?

Hapo ndipo alipomwona Maimuna akivuka barabara, mkoba begani, chaki bado kwenye vidole. Maimuna alikuwa bintiye wa kwanza, mwalimu wa sayansi wa sekondari. Kondo alijua mke wake keshamwambia habari za Kilwa, akajiandaa kuaibishwa mbele za watu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu! waliitikia. Redio Mbao akampisha.

— Umekuja wakati wake, alisema Redio Mbao. Hebu tuamulie, bahari ina tindikali au haina?

Maimuna alimtazama baba yake kwanza. Hakumgombeza. Alinyoosha mkono tu, akaomba kulishika lile tumbawe.

— Kuna ukweli humo, mzee Hatibu, ila siyo maji ya betri. Ukiogelea hutasikia kitu. Mnaijua gesi ya kwenye soda, ile inayokupanda puani? Hewa hiyohiyo imo kwenye moshi. Moshi wa magari, wa viwanda, wa misitu inayochomwa. Ikijaa angani, bahari inakunywa sehemu yake. Ikishaingia majini inakuwa tindikali dhaifu, na maji yanaanza kusogea upande wa uchachu. Kidogo kidogo.

— Kwa hiyo bahari ni soda, alihitimisha Redio Mbao.

— Soda ya ladha gani? aliuliza Mkurugenzi.

— Hata ukionja hutajua, wazee wangu. Lakini kwa anayejenga nyumba ya chokaa humo majini, hicho kidogo kwake ni kikubwa.

— Nani anajenga nyumba majini? aliuliza Kondo.

— Baba, ulikuwa umeishika mkononi.

Akamwonyesha vitundu vilivyojaa kwenye kila tawi. Kondo alikuwa ameviona tangu asubuhi, akadhani ni kazi ya funza. Maimuna akaeleza kwamba kila kitundu kilikuwa chumba cha mnyama mdogo, wengine hawazidi punje ya mchele. Mnyama yule anachukua malighafi ya chokaa kwenye maji, anajenga ukuta, anakaa, na juu ya kuta zake anakuja kujenga mwingine. Hivyo hivyo, vizazi kwa vizazi, mpaka pakawa na mwamba wa kupasua jahazi.

— Mosi, una ndimu? aliuliza.

Mosi hakukosa ndimu, kwa wenye mafua waliopenda kuitia kwenye kahawa. Maimuna akakamua kwenye kikombe kitupu, akavunja ncha ya tawi moja, akaitumbukiza.

— Ndimu ni kali kuliko bahari itakavyokuwa. Nataka tu mwone nani anapigana na nani.

Vichwa vyote vikainama. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu kipovu kimoja kikatoka kwenye kitundu, kikapanda juu, kikapasuka. Kikaja kingine. Mara ncha nzima ikavaa vipovu vidogo vidogo, na vichwa vikazidi kuinama mpaka wakawa wanavisikia vikipasuka.

— Linapumua! alinong'ona Mkurugenzi.

— Linateta, alisema Redio Mbao.

— Chokaa inaliwa, alisema Maimuna. Baharini mambo hayaendi haraka hivi. Kule, kabla ya kuyeyuka, ujenzi wenyewe unakuwa mgumu, malighafi inakuwa adimu. Kuta zinatoka nyembamba, na wimbi kali likija zinavunjika. Chaza wachanga wanahangaika kutengeneza ganda. Sasa yule pweza aliyekuwa anajificha kwenye tumbawe, na samaki waliokuwa wanazalia pale, waende wapi?

— Wote watakufa? aliuliza Mosi.

— Siyo wote. Majani ya baharini huenda hata yakastawi. Na yako mengi watafiti wenyewe hawajayajua.

— Na ule mwaka wa El Nino, alisema Redio Mbao, si walisema matumbawe yamegeuka meupe kama kanzu?

— Lile lilikuwa joto, mzee wangu. Ni jambo jingine. Tatizo yote mawili yanakuja pamoja.

Kondo alikuwa hajaondoa macho kwenye kikombe.

— Na tanuri? aliuliza taratibu. Tanuri la Yusuph linaingia wapi hapo?

Maimuna alishusha sauti, kama mtu anayeongea na mzazi wake nyumbani.

— Tanuri linachukua nyumba zenyewe, baba. Halafu magogo yanatoa moshi, na jiwe nalo likiungua linatoa hewa ile ile. Inakwenda kuungana na nyingine.

— Kwa hiyo mimi Kondo, na tanuri moja, ndiye nimeharibu bahari?

— Sijasema hivyo. Moshi mwingi ni wa nchi ambazo hata hazijui Kilwa iko wapi. Lakini matumbawe wamekataza kuyachoma, na shemeji yako anajua. Na wewe umeniuliza.

Kondo alilipokea tumbawe kwa binti yake. Alilisogeza tumbawe kwenye mwanga, akachungulia kitundu kimoja, kisha cha pili. Kuta nyembamba, vyumba vimepangwa, mlango kwa mlango. Zikamjia kota za kiwanda. Jioni moja mitambo ilinyamaza, na mwezi haukuisha majirani wakaanza kufunga vitanda juu ya mikokoteni, huyu Dodoma, yule Kisaki kwa kaka yake. Majengo yalibaki yamesimama. Ukipita mbali ungesema pana watu.

— Sasa niende nisiende? aliuliza, na hakuwa anamuuliza yeyote hasa.

Mkurugenzi alikohoa kwanza.

— Nenda. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Maana yake, ukibandua kidogo kidogo, kazi inaisha, unarudi nyumbani na chako.

— Lakini si ndilo gogo lenyewe limekwisha, Mkurugenzi? aliuliza Mosi.

— Gogo likiisha unatafuta jingine!

— Mimi nasema aende, tena leo, alisema Redio Mbao. Kama yatayeyuka, kwa nini yayeyuke bure? Afadhali yawe ukuta wa mtu. Na huko mbele, bahari ikishakuwa siki kamili, Wazungu watakuja kuijaza kwenye chupa watuuzie. Yusuph awahi kukodi ufuko, sisi tukaange chipsi. Hata pweza watatoka wameshakolezwa!

Kicheko kilipotulia wakamwona mwanamke amesimama mbele ya benchi, ndoo yenye mfuniko kichwani, khanga imefungwa kiunoni. Hakuna aliyemjua. Alisema anaitwa Mwajuma, ameshuka na kinywaji chake cha togwa kutoka Kinole, na kule sokoni wamemnyima pa kukaa. Alitua ndoo kivulini, akachungulia kile kikombe kilichozungukwa na watu wazima.

— Mnatazama nini, jamani?

Walimjibu wote kwa pamoja. Redio Mbao alianza na redio, Mkurugenzi akaanza na mwekezaji, Mosi akamwonyesha vipovu, na Maimuna akarudia habari ya moshi na gesi ya soda. Mwajuma alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Hakuwa na haraka.

— Nimeelewa kidogo, alisema. Maji yanachacha, waliomo wanakosa pa kukaa. Sasa mimi nauliza. Hili togwa langu likichacha kupita kiasi, namwaga, nasuuza ndoo, nakoroga jingine. Hiyo bahari ikishachacha, mtaimwaga wapi?

Redio Mbao aliitazama ndoo. Mkurugenzi alitafuta methali, midomo ikicheza bila sauti, akaishia kunywa kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kitupu. Wote wakamgeukia mwalimu.

— Kuimwaga haiwezekani, mama, alisema Maimuna. Kinachowezekana ni moshi kupungua.

— Ndiyo, lakini hiyo iliyokwisha chacha?

Maimuna alijaribu kusema jambo kuhusu muda, miaka mingi sana. Akaona halitoshi, akajifuta chaki vidoleni.

Kondo alinyoosha mkono kwa Redio Mbao, akaomba simu. Aliibonyeza taratibu, akaiweka sikioni, akasimama. Kijiwe kizima kikasikia upande wake tu.

— Shemeji, salama. Naam, nimelipata. Zuri sana… Sikiliza, Yusuph. Jumamosi lori lisinisubiri… Hapana, siumwi. Siji kuchoma… Kazi nyingine?

Akamtazama binti yake.

— Hapana. Sijapata.

Ilimuuma kulisema mbele ya watu, na ilionekana. Aliirudisha simu, akaketi. Maimuna akasogea karibu mpaka mabega yao yakagusana. Hakuna aliyetia utani. Mosi alitikisa birika, akalikuta limekauka, akaanza kukusanya vikombe. Kile cha ndimu alikiacha.

Mwajuma alifunua ndoo, akawachotea togwa mmoja baada ya mwingine, hata Mkurugenzi, aliyesema togwa ni la watoto kisha akanywa mpaka chini. Walipomaliza alisuuza kata yake, akajitwika ndoo, akapandisha khanga vizuri.

— Hapa pazuri, alisema. Kesho nitapita tena. Mtakuwa mmeshajua mtaimwaga wapi.