Dalmas Obiero na Warefu wa Ruiru

Wachungaji, wazee, majirani zetu wa Ngoingwa na wenzake wa kazi, mniwie radhi mapema, maana familia ilitafuta msomaji mzuri ikamkosa, ikanipa mimi Tobias, binamu yake, ambaye hata salamu huzitoa vibaya.

Marehemu Dalmas Obiero alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 kule Ugunja, akasoma huko hadi kidato cha nne, akaja Thika mwaka 1983, akapanga chumba Kiandutu huku akibeba magunia kiwandani, na tarehe 12 Desemba 1987 akafunga ndoa na Wilkister Akello, wakajaliwa Dorine mwaka 1989 na Byron mwaka 1992.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika shamba moja la kahawa Ruiru, akakabidhiwa kitalu pamoja na kijisitu cha redwudi, miti mirefu kuliko yote duniani, ya kutoka California, iliyopandwa na wenye shamba wa zamani, na hapo ndipo taabu ya shemeji yangu, mkewe, ilipoanzia, kwa sababu Dalmas alianza kwenda kazini hata Jumapili baada ya ibada, akirudi na vumbi jekundu shatini na uso wa mtu aliyependwa, naye Wilkister, ambaye ndiye aliyekuwa akifua hilo shati, akawa na hakika kwamba ameibiwa mume.

Jumapili moja ya Julai 2001 alimfuata, amefunga kitambaa chake cha akina mama wa kanisa, tayari kumng'oa mtu nywele, akamkuta mumewe amekumbatia shina. Dalmas hakushtuka, alimkaribisha kama mgeni, akamtembeza polepole, akamwonyesha jinsi majani ya juu yanavyonasa ukungu na kuudondosha kama mvua hadi udongoni, gome linalobonyea kama godoro na kuukataa moto, uyoga na majongoo ndani ya majani yaliyooza, kisiki kilichozungukwa na machipukizi yake chenyewe, kisha akafukua kidogo akamwonyesha mizizi, ambayo haiendi chini sana, ila imesukwa pamoja na ya miti jirani, ndiyo maana upepo hauiangushi miti hiyo.

Wilkister aliitazama mizizi hiyo, akasema, "Kumbe hii inashikana mikono, Baba Dorine, na mimi mara ya mwisho kunishika ni siku ya harusi, tena ni pasta alikuambia."

Tangu siku hiyo walienda wote wawili, wameshikana mikono kuanzia getini, lakini msidhani wivu uliisha, kwani miti ile Wilkister aliisalimia kwa jicho la pembeni.

Februari mwaka jana Dalmas alipatwa na kiharusi, akauguzwa na mkewe, akalishwa uji kijiko kwa kijiko, na siku alipopata nguvu ya kutamka ombi moja, aliomba mche wa redwudi kaburini. Wilkister alitoka nje, na ombi hilo likabaki bila jibu hadi Dalmas alipotuaga tarehe 2 Juni mwaka huu, na jana tu, kwenye kikao cha familia, ndipo Wilkister alipotuambia, "Upandwe, lakini miguuni. Kichwani ni kwangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa shambani mliouleta mche huu, ambao kesho utasafiri naye hadi Ugunja ndani ya mkebe wake wa rangi.

Lala salama, ndugu yetu, upumzike kwa amani, na unitetee huko uliko, maana shemeji aliniuliza mche huu utakua hadi wapi, nami kwa kumtuliza nikamwambia hauzidi mpera.