Ruthu Ndahani na Gauni Lake la Bluu

Tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, ni dada yetu Ruthu Elieza Ndahani, mama wa duka la nguo la Barabara ya Saba. Ninayesoma ni Geofrey, mdogo wake wa kumfuata na mwenzake dukani. Familia imeniruhusu kujisema vibaya pale inapobidi, na panapobidi papo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1967 kijijini Buigiri, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Elieza Ndahani na Mama Joha, ambao wote wametangulia. Alizaliwa mkubwa, akakua mkubwa. Nguo zilizombana zilishuka kwangu, na mimi nilizivaa miaka miwili baadaye zikiwa bado zinaniburuza.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Alipofika darasa la tano sketi ya sare ikamkataa. Mama akafumua sketi mbili akaunga moja, na ule mshono wa katikati ulionekana toka mbali. Watoto wakamcheka. Ruthu alirudi nyumbani, hakulia, akaomba sindano, akaushona upya mpaka hata mimi nilishindwa kuuona. Mwaka 1983 alijiunga na mafunzo ya cherehani mjini Dodoma, akahitimu mwaka uliofuata.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu Bartolomayo Chidawali, fundi wa reli wa Zuzu. Mjini magauni ya harusi ya kukodi yalikuwepo, ila hakuna hata moja lililompita mabegani, kwa hiyo alijishonea mwenyewe. Shemeji ni mwembamba, si mnamwona? Mwenyewe husimulia kwamba upepo wa Dodoma ukianza, alikuwa anahamia nyuma ya mke wake. Walijaliwa watoto wawili, Elieth na Daudi.

Kwa upande wa kazi, marehemu alishona miaka mingi kwenye baraza za watu pale Majengo. Mwaka 2004 mimi na yeye tukafungua duka. Tuliuza nguo za kuletwa, zilizoshonwa tayari, na zote zilikuwa za watu wembamba. Ruthu alitaka tuweke na kubwa. Mimi nilikataa. Nilisema zinakula kitambaa, zitakaa, hakuna anayeziulizia. Tulibishana miaka kumi na tatu, jamani, na chai ikipoa mezani.

Mwaka 2017, wakati watumishi wa serikali wanahamia kwetu, aliingia dukani mama mmoja mgeni wa mji, Mama Sabrina, akauliza gauni la kuvaa ofisini. Nikamjibu huku nacheka, "Mama, kwa saizi yako labda ujaribu duka la mapazia." Akageuka akatoka. Ruthu alikuwa nyuma kwenye cherehani, amesikia yote. Hakunipigia kelele. Alikuja akasimama katikati ya duka, akanyoosha mikono, akasema, "Geofrey, mimi ndiye mwenye duka. Haya, nivishe."

Nilizunguka nikagusa kila hanga. Duka zima halikuwa na nguo ya kumwingia mwenye duka. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Kesho yake Ruthu alimtafuta Mama Sabrina mpaka akampata, akampima, akamshonea. Mama Sabrina tuko naye hapa. Mama, nilishakuomba radhi, na leo naomba tena mbele za watu.

Tangu hapo magauni makubwa yalitundikwa mbele kabisa. Mteja akisita mlangoni, Ruthu alimwahi kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwa, mama! Ingia, saizi yako ipo." Wengi walidai wanamnunulia dada yao. "Mnafanana naye?" "Kidogo." "Basi tumpimie kwako." Kuna jirani alimwambia kwamba nguo hizo zinawahimiza watu wanenepe. Akamjibu, "Kwa hiyo mtu akae uchi mpaka apungue?" Jirani akaaga. Na zile nguo nilizosema zitakaa, wala hazikukaa.

Mwezi Novemba 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani. Alitibiwa hapa Dodoma, kisha Dar es Salaam, na familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi. Alipungua haraka mno. Wapo waliokutana naye njiani wakamsifu, "Mama Elieth, umependeza siku hizi!" Nyumbani aliniambia, "Miaka yote hawakuniona nimependeza, Geofrey. Walisubiri niugue." Iliniuma, na sasa hivi inaniuma.

Gauni lake la bluu, alilojishonea kwa ajili ya harusi ya Elieth, likaanza kumvuka. Elieth akataka kulikata alipunguze. Mama yake akamzuia. "Usikate. Likunje ndani, piga bandi tu, uzi wa kufumuka. Nikipona nitalihitaji. Nisipopona, mlifumue, nizikwe na saizi yangu." Lilikunjwa mara tatu. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Zuzu, akiwa amemshika mumewe mkono.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja aitwaye Brightness, wateja ambao wamejaa hapa uwanjani, na mdogo wake huyu mbishi. Duka litaendelea, na mpangilio wa mbele haubadiliki.

Jana mchana, kabla ya kumvisha, akina mama walituita pembeni. Walisema kwa upendo kwamba gauni lile likifumuliwa litampwaya mno, afadhali atafutiwe dogo. Nikasema hapana. Nikalichukua, nikakaa kwenye kiti chake cha cherehani, nikafumua bandi zote tatu kwa mikono yangu, mimi niliyesema nguo kubwa zinakula kitambaa. Ndilo alilovaa. Linampwaya, na tumeliacha hivyohivyo.

Bwana akupe pumziko, dada. Ingia, saizi yako ipo.